Tufungulieni vitanda: barua ya wazi kwa uongozi wa chuo

Kwa Mkuu wa Chuo, Mlezi wa Wanafunzi, Msimamizi wa Mabweni na Mkuu wa Idara ya Majengo.

Kuhusu: Mpangilio wa vitanda na samani katika vyumba vya watu watatu

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kwa heshima nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ambaye amelala katika mabweni ya chuo hiki tangu siku yake ya kwanza, na ambaye kwa miaka miwili sasa wakazi wa bweni letu wamemchagua awe mwakilishi wao. Katika muda huo nimepokea malalamiko ya kila aina, ya maji, ya kelele na ya wageni wasiojua saa ya kuondoka, lakini nilipoketi kuyapitia niliona kwamba mengi yaliyoletwa kwangu kama ugomvi wa watu yalikuwa, ukiyachimba, ugomvi wa samani. Mmoja alilalamika kwamba mwenzake anamkanyagia shuka kila asubuhi. Nilipokwenda kutazama nikakuta mwenzake huyo hana njia nyingine ya kulifikia kabati lake. Mwingine aliapa kwamba anakomolewa kwa taa inayowaka hadi usiku wa manane, kumbe meza pekee iliyo karibu na soketi imesimama mchagoni pake. Ninachokuja kuwaomba kinawezekana kabla wanafunzi wapya hawajawasili. Naomba vitanda vilivyofungwa sakafuni kwa bolti vifunguliwe, na naomba chumba kianze kupimwa kwa sakafu inayobaki baada ya samani kuingia, badala ya idadi ya vitanda vinavyoweza kusukumizwa ndani yake.

Vyumba vyetu, kama mnavyofahamu, vilijengwa kwa ajili ya watu wawili wawili, na kitanda cha tatu kiliongezwa baadaye. Sitaki kulalamikia kitanda hicho cha tatu, kwa kuwa najua kwamba kila kitanda ni mwanafunzi ambaye bila hicho angetafuta pa kulala mbali na chuo. Nataka tu tuifanye hesabu yake kwa ukweli. Niliazima tepu kwa fundi nikapima chumba changu: kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3, yaani mita za mraba 12, na kwenye karatasi za idara hilo linasomeka kama mita za mraba 4 kwa kila mkazi. Hata hivyo, kila kitanda kina upana wa sm 90 na urefu wa sm 190, kwa hiyo vitatu vinachukua mita za mraba 5.13. Meza tatu za kusomea, kila moja ikiwa na sm 100 kwa 60, zinachukua 1.8, na makabati matatu yenye sm 60 kila upande yanachukua 1.08. Hapo zimebaki mita za mraba 3.99, na mlango bado hatujaufungua. Mlango wa sm 80 unapofunguka kwa ndani hufagia robo ya duara, karibu nusu mita ya mraba, ambamo hapawezi kuwekwa kitu. Kisha kuna kiti. Mtu anayeketi mezani na kutaka kusimama bila kugonga kitu anahitaji takriban sm 75 nyuma ya meza yake, kwa hiyo meza tatu zinadai mita za mraba 2.25 zaidi ya zile zinazozikalia. Ukitoa vyote hivyo, sakafu iliyo huru kwa watu wazima watatu ni mita ya mraba 1.24, na hilo ni eneo dogo kuliko kitanda kimoja. Bado sijataja milango ya makabati, ndoo, viatu wala masanduku.

Hata hivyo, eneo peke yake halisemi yote. Vyumba viwili vinaweza kubakiwa na sakafu ileile, kimoja kikakalika na kingine kikawa adhabu, kwa sababu katika cha kwanza sakafu hiyo imekaa pamoja kama njia moja na katika cha pili imetawanyika vipande vipande kwenye pembe ambazo hakuna mguu unaofika. Hili ndilo jambo ambalo bolti zimetunyima, yaani uwezo wa kukusanya kidogo kilichobaki mahali pamoja.

Nichukue chumba nilichopangiwa mwaka wangu wa kwanza. Mlango ulikuwa kwenye kona ya ukuta mfupi na dirisha katikati ya ukuta mfupi wa upande wa pili. Vitanda viwili vilifungwa sambamba kwenye kuta ndefu, na cha tatu kikafungwa kwa kukingama chini ya dirisha, hivi kwamba mahali pekee penye mwanga wa mchana pakawa mahali pa kulala usiku. Kando ya kitanda hicho palibaki sm 110 za ukuta, na meza moja iliingia hapo vizuri kabisa; tatizo ni kwamba kiti chake kilirudi nyuma kwa sm 30 tu kabla ya kugonga kitanda cha pembeni, kwa hiyo aliyeitumia aliketi upande kama abiria wa pikipiki aliyevaa sketi. Meza ya pili tuliiweka katikati, kwenye njia ya sm 120 iliyotenganisha vitanda, nayo ikatuachia sm 60 za kupita. Aliyetaka kuandika hapo aliketi kwenye kitanda changu, kwa kuwa kiti hakikuwa na pa kukaa. Meza ya tatu haikupata mahali popote. Tuliipindua miguu juu na kuilaza juu ya ile ya pili, ikawa rafu ya mabegi. Viti viwili tulivipandisha juu ya makabati mwezi wa kwanza na havikushuka mpaka tulipokabidhi chumba. Katika daftari la mali la chuo, chumba chetu kilikuwa na meza tatu na viti vitatu, na mkaguzi alipokuja alivihesabu, akatia saini, akaondoka akiwa ameridhika.

Mwaka uliofuata bahati ilitugeukia. Nilipangiwa chumba chenye vipimo vilevile, lakini sakafu yake ilikuwa imekarabatiwa wakati wa likizo na mafundi hawakuzirudisha bolti. Tulikuwa watatu, na mmoja wetu, ambaye mikono yake haitulii, alikata vipande vya karatasi kwa kipimo cha 1 kwa 20. Kwa kipimo hicho chumba kizima kinakuwa mstatili wa sm 15 kwa 20, unaoenea kwenye karatasi ya kawaida ya A4. Kitanda kinakuwa na sm 4.5 kwa 9.5, meza sm 5 kwa 3, na kabati sm 3 kila upande. Hata robo ya duara ya mlango tuliikata, na nawasihi wote watakaojaribu jambo hili wasiisahau, kwa sababu ndiyo inayovunja mipango mingi mizuri. Tulisukuma vipande hivyo jioni nzima. Kufikia saa nne usiku tulikuwa tumethibitisha kwamba vitanda vitatu vya chini, meza tatu na makabati matatu haviwezi kukaa pamoja katika chumba hicho bila kimoja kuziba kingine, hata uvipange namna gani. Asubuhi yake tulimwendea msimamizi wa wakati huo, tukamwonyesha karatasi, naye akaturuhusu kurudisha vitanda viwili na kuchukua kimoja cha ghorofa, ambacho wengi wetu tunakiita dabo deka, kilichokuwa kikila vumbi stoo.

Kitanda hicho kilirudisha mita za mraba 1.71 kwa mara moja, na hapo karatasi zikaanza kukubali. Kwenye ukuta mrefu ulio mbali na mlango tulipanga dabo deka na kitanda cha chini kwa mstari mmoja, mwisho kwa mwisho, vikachukua sm 380 kati ya 400. Dabo deka tuliliweka upande wa mlango na kitanda kifupi upande wa dirisha, ili mwanga usikutane na ukuta wa magodoro kabla ya kuingia chumbani. Chini ya dirisha, katika sm 210 zilizobaki, meza mbili zilikaa bega kwa bega. Meza ya tatu ilikaa kwenye ukuta mrefu wa pili, nyuma ya mahali viti vya meza za dirishani vinapoishia, ikifuatwa na kabati moja. Makabati mengine mawili yaliingia kwenye ukuta wa mlango, kati ya miguu ya dabo deka na fremu ya mlango, utadhani fundi aliyapimia hapo. Mtu aliyeketi kwenye meza ya tatu alikuwa na njia ya sm 75 nyuma ya kiti chake, na mwenzake aliweza kupita na ndoo ya maji bila kusema samahani. Watu walewale, wenye tabia zilezile, wakaishi mwaka mzima bila kuleta shauri hata moja kwa mwakilishi wa bweni. Nakiri kwamba wakati huo mwakilishi alikuwa bado si mimi, lakini nilimuuliza.

Sitaki kulipamba dabo deka kuliko linavyostahili. Linatikisika, kitanda cha juu kina joto zaidi kwa sababu hewa ya moto hupanda, na anayelala juu akishuka usiku kwenda msalani wote wanajua. Pia kuna masharti ambayo yasipotimizwa ni heri tubanane chini. La kwanza ni kimo cha dari. Mtu mzima aliyeketi wima anahitaji karibu sm 90 kutoka anapokalia hadi utosini. Dari yetu iko mita 2.6 kutoka sakafuni na uso wa godoro la juu uko sm 165, kwa hiyo zinabaki sm 95 na mtu anaweza kuketi na kuvaa shati. Dari ingekuwa na mita 2.4, zingebaki sm 75 tu, na mkazi wa juu angeishi mwaka mzima akiwa ameinama. La pili ni ukingo wa kuzuia kuanguka. Nchini Marekani, kanuni za shirikisho zilizoanza kutumika mwaka 2000 zinataka ukingo wa kitanda cha juu uinuke angalau inchi 5, yaani sm 12.7, kutoka uso wa godoro, na uwe pande zote mbili, hata upande wa ukutani, kwa kuwa mtu anaweza kuteleza na kunaswa kati ya kitanda na ukuta. Kumbukeni kwamba kipimo hicho kinaanzia juu ya godoro. Ukingo uliotengenezwa kwa godoro la sm 10 humezwa mkazi anapoleta lake la sm 20, na kitanda kilichotoka kiwandani kikiwa salama kinakuwa hatari bila mtu kugusa hata nati moja. Naomba, kwa hiyo, magodoro ya juu yatolewe na chuo na yasibadilishwe. La tatu ni pangaboi: katika vyumba vyenye feni ya dari, kitanda cha juu kisisogezwe mahali ambapo mkono wa mtu anayejinyoosha unaweza kuyafikia mapanga yake. Pale ambapo sharti hili haliwezi kutimizwa, dabo deka lisiwekwe kabisa.

Kuna suala la afya ambalo lina historia ndefu kuliko mabweni yetu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, daktari wa jeshi la Uingereza, J. A. Glover, alichunguza kambi ambamo homa ya uti wa mgongo ilikuwa ikizuka miongoni mwa askari. Alipima koo zao na kuona kwamba kadiri vitanda vilivyosogezwa karibu, mpaka pengo kati ya kimoja na kingine likawa dogo kuliko futi moja, ndivyo idadi ya waliobeba vimelea ilivyopanda. Vitanda vilipotenganishwa kwa angalau futi 2 na nusu, takriban sm 76, na madirisha yakafunguliwa, idadi hiyo ilishuka. Ugonjwa huo husafiri kwa matone yatokayo puani na kinywani, kama yalivyo mafua na magonjwa mengine mengi yanayozunguka bwenini wiki mbili baada ya kila ufunguzi. Katika chumba changu cha mwaka wa kwanza, mchago wa kitanda changu uligusa ubavu wa kile cha dirishani, na vichwa vyetu viwili vililala kwa umbali usiofika urefu wa mkono. Kwa kuwa vilikuwa vimefungwa sakafuni, hatukuweza kufanya lolote isipokuwa mmoja wetu kugeuka, na hapo akalala uso wake ukielekea mlangoni penye taa ya korido.

Kugeuka huko, kwa kweli, ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote. Waswahili tuna jina lake tayari: kulala mzungu wa nne, kama ile picha ya karata ambayo kichwa kimoja kiko juu na kingine chini. Vitanda viwili vilivyo sambamba na vyenye pengo dogo vinapata umbali wa karibu urefu wa mtu mzima kati ya kichwa na kichwa, mradi wakazi wamekubaliana nani aelekee wapi. Vitanda vilivyo kwenye mstari mmoja, kama vyetu vya mwaka wa pili, vinaweza kukutana miguu kwa miguu, na vichwa vikabaki kwenye ncha mbili za ukuta. Hata hivyo mkazi hawezi kuchagua mchago wake upande anaotaka ikiwa kitanda kimefungwa mahali ambapo upande huo una dirisha linalovuja au mlango unaopigapiga.

Najua chuo hakikuvifunga vitanda kwa ukatili. Nimeambiwa na watumishi wa siku nyingi kwamba zamani samani zilihamahama kutoka chumba hadi chumba, kwamba vitanda viliburutwa usiku wakati wa mitihani mpaka wa ghorofa ya chini wakashindwa kulala, na kwamba sakafu zilichubuka. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini kila moja lina tiba nyepesi kuliko kuchimba sakafu. Samani zikipigwa namba ya chumba kwa rangi isiyofutika, na wakazi wote watatu wakatia saini kwenye orodha moja, kitanda kikihama kitajulikana kilikotoka. Matendegu yakivalishwa vifuniko vya mpira, hayatachubua sakafu wala kupiga kelele. Na kanuni ya kukataza kusogeza samani baada ya saa tatu usiku ni mstari mmoja tu kwenye kitabu cha taratibu za bweni, ambacho tayari kina mistari mingi yenye faida ndogo kuliko huo.

Jambo linalonishangaza zaidi, na hapa naomba mniwie radhi nikisema wazi, ni kwamba tumefunga kisichohitaji kufungwa na kuacha kinachohitaji. Kitanda cha chini hakiwezi kumwangukia mtu. Kabati linaweza. Makabati yetu ni marefu kuliko mtu, yana kina cha sm 60 tu, na yakijazwa nguo upande wa milango huku mabegi yakirundikwa juu, huinama mbele kila unapofungua milango yote miwili. Bweni zima halina hata kabati moja lililoshikizwa ukutani. Naiomba Idara ya Majengo izichukue bolti zilezile zitakazotolewa kwenye vitanda na kuzitumia hapo, mahali ambapo wakazi watakuwa wameamua makabati yao yakae. Mkono wa chuma wa kushikiza kabati kwa juu unaweza kufunguliwa na kuhamishwa pale ambapo kundi jipya la wakazi litaamua vingine.

Umeme nao hufuata samani, ingawa waliopanga vitanda hawakuuuliza. Katika vyumba vingi nilivyovitembelea, mojawapo ya soketi mbili zilizopo iko nyuma ya kabati au uvunguni mwa kitanda kilichofungwa. Matokeo yake ni nyaya za kurefushia umeme zinazopita chini ya godoro, zikikunjwa na tendegu, nyingine zikibeba pasi na kompyuta kwa wakati mmoja. Waya uliobanwa hupata moto mahali ulipobanwa, na godoro la sponji ni kitu cha mwisho ambacho mtu angetaka kiwe juu yake. Siku ya ukaguzi nyaya hizi hunyang'anywa, jambo ambalo ni sahihi, kisha siku inayofuata hurudi, kwa sababu soketi bado iko uvunguni. Kitanda kikisogezwa kwa sm 40 mara nyingi tatizo linakwisha lenyewe.

Kuhusu njia ya kutokea wakati wa moto sina haja ya kusema mengi: kutoka kila kitanda hadi mlangoni pawe na njia isiyopungua sm 75 ambayo mtu anaweza kuipita gizani bila kuruka kitu, na dirisha lisizibwe na kabati wala kitanda cha ghorofa. Chumba kisichoweza kutimiza masharti hayo kikiwa na vitanda vitatu kirudishwe kwenye watu wawili.

Yupo pia mkazi ambaye hesabu zangu zote hazimtoshi. Mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji duara la sm 150 ili ageuke, na katika chumba cha mita 3 kwa 4 chenye samani za watu watatu duara hilo ni shida kulipata, hasa viti vinapovutwa. Tulijaribu na karatasi. Mwanafunzi mwenye kifafa, au anayetembea usingizini, au aliyevunjika mguu wiki iliyopita, hapaswi kupangiwa kitanda cha juu, na hapaswi pia kulazimika kueleza maradhi yake mbele ya wenzake wawili ambao amekutana nao nusu saa iliyopita. Swali moja kwenye fomu ya kuomba chumba, linalouliza tu kama mwombaji anahitaji kitanda cha chini, lingemaliza aibu hiyo kabla haijaanza.

Nimalizie na namna jambo hili linavyoweza kufanyika. Kwa sasa anayewahi ndiye anayepata: wa kwanza kufika huchukua dirisha, wa pili huchukua ukuta, na wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye anayetoka mbali zaidi, hukuta kilichobaki. Ninapendekeza kwamba barua ya kukubaliwa bwenini iambatane na ramani ya chumba yenye vipimo, ikionyesha dirisha, upande mlango unakofungukia, soketi na kimo cha dari, pamoja na vipimo vya kila samani. Watu watatu wasiofahamiana wakipewa ramani hiyo wiki mbili kabla, watakuja na hoja badala ya kuja mbio. Pili, Jumamosi ya kwanza ya muhula iwe siku ya kupanga vyumba, spana zipatikane kwa mlinzi wa bweni, fundi mmoja awepo kwa ajili ya kukaza dabo deka na kushikiza makabati, na mwakilishi wa kila ghorofa apite kuhakikisha njia na madirisha viko wazi. Vitanda vigawanywe kwa kura, na katikati ya mwaka yeyote anayetaka wabadilishane awe na haki ya kuomba kura irudiwe. Tatu, kila mwanzo wa muhula nati za vitanda vya ghorofa zikazwe, kwa kuwa kutikisika kwa kila siku huzilegeza hata zikiwa zimefungwa na fundi hodari. Dabo deka zilizoko stoo nimezihesabu mwenyewe, kwa idhini ya mtunza stoo. Zinatosha kuanzia ghorofa moja nzima bila kununua hata moja, na ninaomba ghorofa hiyo iwe ya majaribio kwa muhula mmoja.

Pamoja na barua hii nimewasilisha katika ofisi ya Msimamizi wa Mabweni bahasha yenye michoro minne ya chumba cha mita 3 kwa 4, pamoja na vipande vya karatasi vya samani zote kwa kipimo cha 1 kwa 20, ili yeyote kati yenu mwenye mashaka aweze kuvisukuma mwenyewe juu ya meza yake. Kipande cha mlango nimekipaka rangi nyekundu. Wakati wa likizo fupi ijayo mimi na wenzangu wawili tutabaki bwenini, na tukipewa chumba kimoja kitupu, spana na ruhusa, tutakipanga mbele yenu kwa muda usiozidi saa mbili na kukirudisha kama kilivyokuwa endapo hamtaridhika.

Wenu mtiifu,

Mwakilishi wa wakazi wa bweni, mwaka wa mwisho